Shajara ya mradi: kuugawa mfumo wa mauzo kuwa huduma zinazojitegemea

Februari, mwanzoni

Mfumo tunaoufanyia kazi ni wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa za nyumbani, yenye ghala kuu Dar es Salaam na matawi Morogoro na Unguja. Ni programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya PHP juu ya hifadhidata ya MySQL, na ndani yake mna oda, stoo, ankara, risiti, malipo, magari na mishahara, vyote vikisoma na kuandika kwenye majedwali yaleyale. Si mfumo mbaya. Umeendesha biashara kwa zaidi ya muongo mmoja, na wahasibu wameuzoea kiasi kwamba hakuna anayekumbuka mwongozo wake uko wapi. Kinachotusukuma kuugusa ni mahitaji ambayo uongozi umeyaleta kwa mkupuo: mawakala wa mauzo waandike oda kwa simu wakiwa dukani kwa mteja, malipo ya simu yaingie kwenye akaunti ya mteja bila karani kuyachapa upya, na tawi la Unguja litoe risiti zake humuhumu badala ya kutumia programu ya pembeni.

Mshauri elekezi aliyetutangulia aliacha mchoro wenye visanduku vingi mno, kila kimoja kikiwa huduma, yaani programu ndogo inayojitegemea: huduma ya anwani, huduma ya punguzo la bei, huduma ya ujumbe mfupi, hata huduma ya kutunga namba za oda. Ukiutazama unapendeza, lakini timu yetu ni ya watu wachache, na kila kisanduku kinachosimama peke yake kinadai nafasi yake kwenye seva, kumbukumbu zake za makosa, nakala zake za akiba na mtu wa kuamshwa usiku kinapozima. Nimependekeza tuanze na huduma nne tu, yaani Oda, Stoo, Risiti na Malipo, na uongozi umekubali. Mishahara inabaki ilipo, kwa kuwa hakuna aliyeilalamikia wala haiguswi na lolote tuliloombwa.

Februari, mwishoni

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, tumefuatilia oda moja tangu inapoandikwa hadi fedha zake zinapoonekana benki. Tulichagua oda ya kawaida kabisa ya duka la jumla la Mbagala: katoni 40 za sabuni ya kufulia na katoni 12 za mafuta ya kupikia. Katika kila kituo hatukuuliza ni idara gani inahusika, kwa sababu kila idara ingejibu kwamba inahusika. Tuliuliza ni nani mwenye mamlaka ya kubadilisha tarakimu hii, na ikikosewa ni nani anayeitwa kujieleza.

Kwa bei na kwa deni la mteja jibu lilipatikana mara moja. Kwa salio la stoo halikupatikana. Kuna safu moja katika jedwali la bidhaa, iitwayo *idadi*, ambayo sehemu tatu za programu zinaiandika kila moja kwa sababu zake. Oda inaipunguza inapothibitishwa, stoo inairekebisha wakati wa kupakia gari, na uhasibu unaiongeza mara tu unapoandika hati ya kumpunguzia mteja deni, hata kama mzigo uliorudishwa bado uko barabara ya Morogoro. Msimamizi wa ghala, mzee aliyekaribia kustaafu, alituonesha gari lililokwisha kupakiwa likisubiri dereva.

"Mwanangu, hizi katoni ni za nani jioni hii?"

"Mzee, mfumo unasema zimeshauzwa."

"Zimeuzwa na ziko getini kwangu? Zikinyeshewa usiku, nani ataandika barua?"

Swali lake limeingia kwenye kumbukumbu za kikao kama lilivyo, kwa sababu limetuchorea mpaka wa huduma ya Stoo kuliko mchoro wowote tuliokuwa nao. Stoo itamiliki idadi tatu tofauti, yaani iliyopo ghalani, iliyowekewa akiba kwa ajili ya oda na iliyo njiani, na hakuna huduma nyingine itakayoruhusiwa kuziandika. Anayetaka kuzibadilisha atapeleka ombi, na Stoo itakubali au itakataa.

Hoja hii si ngeni. Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alikwisha kuonesha mwaka 1972 kwamba programu haigawanywi vizuri kwa kufuata mtiririko wa hatua, bali kwa kuficha ndani ya kila sehemu uamuzi ambao huenda ukabadilika. Melvin Conway naye aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi husanifu mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana, jambo ambalo kwetu limethibitika kwa namna ya kuchekesha kidogo: programu ya zamani ina njia maalumu ya kupitisha taarifa kati ya uhasibu na magari kwa sababu tu, wakati inaandikwa, ofisi hizo mbili zilikuwa chumba kimoja.

Machi

Mwezi huu umekwenda kwenye mjadala wa namna huduma zitakavyowasiliana, na mjadala ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa baadhi ya wenzetu wametoka kwenye taasisi kubwa zilizowekeza katika mtambo mmoja wa kati wa kupitishia ujumbe.

Usanifu unaoegemea huduma ulianza kuandikwa na wachambuzi wa Gartner, kampuni ya utafiti wa teknolojia, mwaka 1996, na katika miaka ya 2000 ukafungamanishwa na teknolojia za wakati huo: SOAP, kanuni ya kutumiana ujumbe kati ya programu, ambayo toleo lake la 1.2 lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2003, WSDL ya kueleza mkataba wa huduma, na huo mtambo wa kati unaotafsiri, unaoelekeza na unaopanga hatua. Kilichoziumiza kampuni nyingi hakikuwa wazo la huduma, bali mazoea ya kuhamishia kanuni za biashara ndani ya mtambo, hadi kubadilisha kiwango cha punguzo la bei kukawa lazima kusubiri zamu kwa timu inayoutunza. Hata hivyo mtambo wa aina hiyo una mahali pake. Serikali ya Tanzania, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, ina mtambo wa namna hiyo, GovESB, wa kubadilishana taarifa baina ya taasisi, na huko mantiki yake inaeleweka: taasisi ni nyingi, kila moja ina mifumo na wakuu wake, na haiwezekani kila moja ikafanya makubaliano ya pembeni na kila nyingine. Sisi tuna huduma nne, na wanaoziandika wanakaa meza moja.

Tumeamua hivi. Swali linalohitaji jibu papo hapo, kama vile mteja huyu bado ana nafasi ya mkopo, litapita kwa HTTP, itifaki ileile ya wavuti, moja kwa moja kutoka huduma hadi huduma. Tukio lililokwisha kutokea, kama vile oda imethibitishwa, litatangazwa kwenye foleni ya RabbitMQ, programu ya kuhifadhi jumbe hadi zichukuliwe, na kila huduma inayolihitaji italichukua kwa wakati wake. Foleni itabeba tu, haitaamua kitu, na sharti hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wa usanifu ili lisiulizwe tena kila anapoajiriwa mtu mpya.

Mkataba wa kila ujumbe, yaani sehemu zake na maana ya kila moja, unaandikwa na kukubaliwa kabla ya msimbo. Sehemu mpya inaweza kuongezwa, lakini iliyopo haiondolewi wala haibadilishwi maana bila toleo jipya la mkataba, na mpokeaji anatakiwa kupuuza asichokifahamu badala ya kukikataa. Kifungu hicho cha mwisho kilipingwa na mwenzetu mmoja anayependa kila ujumbe ukaguliwe hadi nukta. Namwelewa, ila ukaguzi wa namna hiyo ungetulazimisha kuzipandisha huduma zote nne siku moja kila tunapoongeza neno, na hapo tungekuwa tumerudi kwenye programu moja, tofauti ikiwa ni kwamba sasa imetapakaa kwenye seva kadhaa.

Aprili

Tumeanza na Risiti, ingawa uongozi ungependa kuona kwanza simu za mawakala. Sababu yangu ni kwamba hapa ndipo penye sharti lisilotoka kwetu, na sharti la nje halijadiliki.

Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianzisha mashine za kodi za kielektroniki, zile za EFD, mwaka 2010. Baadaye ikaja VFD, inayoiruhusu kampuni kutoa risiti ya kikodi kutoka kwenye programu yake yenyewe bila mashine mezani. Programu inasajiliwa na kupewa vitambulisho vyake, inatunga risiti kwa XML, muundo wa maandishi unaosomwa na programu, inaitia saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri, kisha inaituma TRA. Kila risiti ina vihesabu viwili: kimoja kinapanda kwa moja kila risiti inapotolewa na hakirudi nyuma, na kingine kinaanza upya kila siku. Namba ya uhakiki, ambayo mteja huitumia kuitafuta risiti yake kwenye tovuti ya TRA, inatokana na msimbo wa usajili ukifuatiwa na kihesabu kile kikuu.

Ukiwa na programu moja kwenye seva moja, jambo hili halikusumbui. Ukiwa na nakala kadhaa za huduma zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, linageuka kuwa kiini cha usanifu wote, kwa sababu namba mbili zikigongana au namba moja ikirukwa, maelezo yatatakiwa. Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kutumia kipengele cha hifadhidata ya PostgreSQL cha kutoa namba mfululizo, na ni pendekezo ambalo mtu yeyote angelitoa. Kasoro yake ni kwamba kipengele hicho kimeundwa kwa ajili ya kasi: muamala wa hifadhidata, yaani kundi la maandishi yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja, ukichukua namba kisha ukashindwa na kurudishwa nyuma, namba ile hairudi, na pengo linabaki. Kwa namba ya oda pengo si neno. Kwa kihesabu cha kodi ni tatizo.

Kwa hiyo kihesabu kimekuwa safu mlalo moja ya kawaida ndani ya jedwali. Huduma ya Risiti inaifunga, inaongeza moja, inaandika risiti iliyokamilika pamoja na saini yake, inaandika pia kwenye jedwali la pili kwamba risiti hii inasubiri kutumwa, na yote hayo yanathibitishwa kwa muamala mmoja wa hifadhidata au yanaanguka kwa pamoja. Anayefuata anasubiri kufuli lifunguliwe. Ni kweli kwamba njia hii ni ya polepole, kwa kuwa risiti zinapita moja moja kama abiria kwenye geti la kivuko cha Kigamboni, lakini kampuni hii haitoi risiti nyingi kiasi cha kuufanya ucheleweshaji huo uonekane, na tumeupima kwa mzigo mkubwa kuliko wa siku ya mwisho wa mwezi.

Kutuma ni kazi ya mchakato mwingine kabisa, unaosoma jedwali la zinazosubiri kwa mpangilio wa kihesabu na kuzipeleka. Mtandao ukikatika, ghala linaendelea kutoa risiti zenye namba halali, na foleni inarefuka hadi mawasiliano yarudi. Tumejaribu kwa kuyazima mawasiliano makusudi mchana wa kazi kwenye mazingira ya majaribio, tukatoa risiti, tukazima pia seva ya huduma katikati ya uandishi, kisha tukaviwasha vyote. Hakuna namba iliyorukwa wala iliyorudiwa.

Unguja ni habari nyingine. Kodi ya Ongezeko la Thamani huko inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na risiti zinapita kwenye mfumo wake wa VFMS. Si TRA kabisa. Hapa ndipo faida ya mpaka mzuri inapoonekana bila kuhitaji maelezo mengi. Huduma ya Oda inatuma ombi moja tu, toa risiti kwa mauzo haya ya tawi hili, na haijui, wala haipaswi kujua, kwamba ndani ya Risiti kuna viunganishi viwili vyenye miundo na vitambulisho tofauti. Viwango vya kodi navyo vimehamia humo, vikiwa na tarehe ya kuanza kutumika kila kimoja, kwa kuwa bajeti ya Juni haina mazoea ya kutusubiri.

Mei

Huduma ya Malipo imekwenda haraka zaidi. Wateja wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, Mixx by Yas na kwa benki, na kila njia ina muundo wake wa taarifa. Tumekuta kwenye hifadhidata ya zamani safu iitwayo *tigopesa_ref* inayosomwa na ripoti, ankara na hata skrini ya madereva. Tigo Pesa ilipobadilishwa jina mwaka 2024 na kuwa Mixx by Yas, hakuna aliyethubutu kuigusa safu hiyo, ikabaki na jina ambalo karani mpya hulishangaa. Katika huduma mpya hakuna jina la mtoa huduma lililoingia kwenye mkataba. Kuna njia ya malipo, namba ya muamala, kiasi, muda na kumbukumbu ya mteja, na tafsiri ya kila mtoa huduma inakaa ndani ya kiunganishi chake.

Lililotuchukulia muda ni taarifa zinazorudiwa. Mmoja wa watoa huduma hutuma taarifa ya malipo, na asipopata jibu ndani ya sekunde chache huituma tena, ambayo ni tabia njema kwake na hatari kwa asiyejiandaa. Katika mfumo wa zamani mteja wa Temeke aliwahi kuonekana amelipa mara mbili, na deni lake likapungua mara mbili, hadi ulinganisho wa mwisho wa mwezi ulipofichua. Sasa mchanganyiko wa njia ya malipo na namba ya muamala ni wa kipekee kwenye jedwali, hifadhidata yenyewe inakataa wa pili, na huduma inamjibu mtumaji kwamba imepokea, kwa kuwa ni kweli imepokea. Jibu hilo halitolewi kabla ya kuandika.

Malipo yenye kumbukumbu isiyoeleweka hayakataliwi wala hayakisiwi. Yanaingia akaunti ya muda, na karani anayapangia mteja kwa mkono kila asubuhi. Mhasibu mkuu aliuliza kwa nini tusitumie namba ya simu ya mlipaji kumtambua mteja. Nilimjibu, "Dada, wenye maduka wengi hulipia kwa simu za vijana wao wa dukani," akaandika kwenye daftari lake na hakuuliza tena.

Juni

Huduma ya Stoo imeunganishwa na ya Oda, na swali la zamani la mifumo iliyogawanyika limetufikia: tufanye nini hatua moja ikifaulu katika huduma hii na inayofuata ikashindwa katika nyingine? Njia ya kuzifunga hifadhidata zote kwa pamoja hadi zote zikubali tuliikataa mapema, kwa kuwa huduma moja ikizubaa inazishikilia nyingine zote. Tumefuata njia ambayo Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliieleza mwaka 1987 chini ya jina la saga, ambapo kazi ndefu inagawanywa katika miamala mifupi na kila mmoja unaandaliwa hatua ya kuutengua. Oda inapoandikwa, Stoo inaweka akiba. Malipo inakagua ukomo wa mkopo. Ukomo ukiwa umepitwa, Stoo inaachia akiba na oda inarudi kwa wakala ikiwa na sababu.

Kilichohitaji kufikiriwa sana ni mpangilio wa hatua. Akiba inaachiwa, nafasi ya mkopo inarejeshwa, lakini risiti iliyokwisha kupewa namba na kutiwa saini haina kinyume chake ndani ya mfumo wetu. Ndiyo maana risiti imewekwa mwisho, wakati bidhaa zinapotoka getini na msimamizi wa ghala ameshathibitisha idadi, na si wakati oda inapothibitishwa kama ilivyokuwa zamani. Idara ya mauzo haikufurahi, kwani ripoti yao ya jioni ilihesabu oda zote zilizothibitishwa kuwa ni mauzo. Mkurugenzi amekubali ripoti hiyo iwe na safu mbili.

Jambo jingine dogo lenye uzito: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetufanya tupitie kila ujumbe unaopita kwenye foleni. Jina na namba ya simu ya mteja vilikuwamo katika jumbe ambazo Stoo haikuzihitaji kwa lolote. Vimeondolewa, na sasa kinachopita ni namba ya utambulisho pekee.

Julai

Tunahamia kwa tawi, na programu ya zamani ingali inafanya kazi. Mlango wa mbele, yaani programu ndogo iliyo mbele ya mifumo yote miwili, unapokea maombi yote na kuyaelekeza: ya Morogoro yanakwenda kwenye huduma mpya, ya Dar es Salaam na Unguja bado yanakwenda kule kwa zamani. Kwa Morogoro tunaendesha pia hesabu ya zamani sambamba bila kuiamini, na kila usiku mchakato mmoja unalinganisha salio la kila bidhaa kwa pande zote mbili na kuandika tofauti. Tofauti nyingi zimetokana na mizigo iliyo njiani, kama tulivyotarajia. Moja ilitokana na bidhaa inayouzwa kwa katoni na kwa dazeni, ambayo mfumo wa zamani ulikuwa unaikadiria kwa kugawanya na kukata sehemu iliyobaki.

Kinachotusumbua sasa ni ripoti. Mkurugenzi alizoea swali moja la hifadhidata linalounganisha majedwali sita na kumpa faida kwa kila njia ya gari, na majedwali hayo hayakai tena pamoja. Wapo wanaotaka ripoti isome hifadhidata za huduma zote moja kwa moja. Nimekataa, kwa sababu siku Stoo itakapobadilisha jedwali lake ripoti itavunjika, na mtu wa Stoo ataogopa kubadilisha kitu, hali iliyotuleta hapa tangu mwanzo. Tunajenga hifadhidata ya kusoma tu, inayolishwa na matukio yaleyale ya foleni, na tumekubaliana na mkurugenzi kwamba tarakimu zake zitachelewa kwa dakika chache.

Unguja inafuata baada ya hesabu za mwezi kufungwa, na Dar es Salaam baada ya Unguja. Safu ya *idadi* kwenye jedwali la zamani imeondolewa ruhusa ya kuandikwa kwa bidhaa za Morogoro tangu Jumatatu. Programu ya uhasibu ilijaribu kuiandika siku ya pili, ikakataliwa, na hati ile ya kupunguza deni imekwenda kwa msimamizi wa tawi ili aupokee kwanza mzigo wenyewe.